Kapteni, au Mtu wa Punda: Uchambuzi wa Kisa cha Mjomba Aliyekuwa Baharia

Mstari mmoja tu ndio uliobaki. Wasifu wa marehemu ulikuwa tayari: alizaliwa lini, wazazi wake ni nani, ameacha mke, watoto na wajukuu wangapi, amefariki akiwa na miaka 84. Palipoandikwa "Kazi" binamu yangu alikuwa ameshajaza kwa kalamu, kwa herufi kubwa: KAPTENI WA MELI ZA KIMATAIFA. Akanisukumia karatasi niichape. Mimi ndiye mwenye kompyuta, na kwetu mwenye kompyuta ndiye mwandishi wa ukoo, atake asitake.

Nikasema, ngoja tupate angalau majina ya meli mbili tatu, maneno yapate uzito. Mkaza mjomba akainuka bila kusema kitu, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vitabu viwili vyembamba vya jalada la buluu, picha moja na bahasha moja kuukuu. Tulidhani tunatafuta pambo la mstari ule. Badala yake mstari ukafutika, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tumerudi hospitali kwa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria.

Nitakieleza kisa chote tangu mwanzo, maana hakuna mtu ndani yake aliyetudanganya. Hilo ndilo linalonikera hadi leo.

Tuliyokuwa tukiyajua

Tulijua kwamba mjomba alikwenda baharini wengi wetu hatujazaliwa, akarudi na sanduku la bati na kofia ya ukingo mweusi unaong'aa, na kwamba kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alimwita Kapteni. Nani alianza kumwita hivyo, hakuna anayekumbuka. Hakuwahi kulikataa jina. Lakini nikirudisha kumbukumbu, sikumsikia hata mara moja akijiita hivyo yeye mwenyewe. Akiulizwa alikuwa nani melini alijibu, "Nilikuwa mfanyakazi," nasi tukaona huo ni unyenyekevu wa wakubwa.

Binamu alikuwa na ushahidi wake, na haukuwa wa kupuuza. Kwanza kofia. Pili picha: mjomba yuko juu ya sitaha, kifua mbele, kofia kichwani, bahari nyuma yake. Tatu, mjomba aliamka saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu mpaka alipolazwa, bila saa ya kumwamsha. "Nahodha halali," binamu alikuwa akisema.

Kulikuwa na mambo mengine tuliyoyaona kila siku tusiyahesabu kuwa ushahidi. Kila alipopita karibu na friji, mjomba alilitandaza bapa la mkono mgongoni mwake, akasimama kidogo kama anayempima mtoto homa, kisha akaendelea na safari yake. Pampu ya maji ikianza kulia vibaya, alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye mwili wa pampu, mpini akaugandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. "Beringi ya mbele," atasema. Fundi akija akifungua, kweli ni beringi ya mbele. Na huyo huyo ukimwita kutoka mlangoni hakusikii. Ulilazimika kusimama mbele yake aone midomo yako, naye akakujibu kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa barabara.

Sisi tulicheka tu. Kapteni anaisikiliza meli yake.

Vitabu viwili

Asiyewahi kuona kitabu cha baharia wa meli za Kiingereza wa miaka ile, kifananishe na pasipoti iliyochanganywa na cheti cha shule. Ukurasa wa mwanzo una picha, urefu, rangi ya macho na alama za mwilini. Kwenye alama za mwilini mjomba ameandikiwa kovu, mkono wa kushoto. Hapo ndipo kicheko cha kwanza kilipotutoka, maana kovu hilo tangu utotoni tuliambiwa ni la papa. Kitabu kilijazwa kabla hajakanyaga meli yoyote. Kovu lilipanda meli pamoja naye.

Baada ya hapo kila mstari ni meli moja: jina lake, namba yake rasmi na tani zake, tarehe na mahali baharia alipoandikishwa, cheo chake, tarehe na mahali aliposhushwa, aina ya safari, halafu mihuri miwili, mmoja wa uwezo kazini na mwingine wa mwenendo. Mjomba ana mistari 23, kuanzia 1961 hadi 1978. Ile namba rasmi ni ya kuangaliwa kuliko hata jina, kwa sababu meli hupewa jina jipya ikiuzwa, lakini namba hubaki nayo maadamu haijatoka kwenye daftari la usajili wa Kiingereza. Namba za dunia nzima, za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, zilianza 1987, mjomba ameshastaafu zamani.

Safu ya aina ya safari ilinikatisha tamaa. Ni neno moja tu, mstari baada ya mstari: "ya nje". Miezi saba ya maisha ya mtu, bandari labda kumi, bahari tatu, na karani kaandika ya nje.

Mihuri yake karibu yote inasema "vizuri sana", mara mbili kila mstari. Mmoja tu, wa 1964, ni tofauti: palipotakiwa kuwa na sifa ya mwenendo, pamepigwa muhuri wa kukataa kutoa taarifa. Mabaharia waliuogopa muhuri huo, kwani haukuhitaji kusema ubaya wowote. Aliyekuwa akitafuta meli nyingine akiwa nao kitabuni alikuwa na kazi ya ziada ya kujieleza. Binamu alitaka ukurasa ule uchanwe kabla watoto hawajauona. Nilikataa. Sababu yake haimo kitabuni, na mwenye kuijua tumeshamzika. Mkaza mjomba, alipoulizwa, alisema mjomba alikuwa na hasira za haraka ujanani, akaishia hapo. Sikumsukuma.

Kisha tukafika kwenye safu ya cheo. Miaka minane ya kwanza ni cheo kile kile, cha mtu wa kupaka mafuta na grisi mashine. Binamu akasema, sawa, kila mtu huanzia chini. Kuanzia 1969 neno linabadilika. Binamu ndiye anayejua Kiingereza kutushinda wote. Akalisoma kimoyomoyo, akalirudia, akanigeuzia kitabu kana kwamba mimi nitaliona tofauti.

"Hapa wameandika mtu wa punda."

Kimya. Mjomba wetu, Kapteni wa meli za kimataifa, miaka tisa alichunga punda baharini? Mkaza mjomba ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, nasi tukamfuata bila kujua tunacheka nini. Kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu msiba uanze.

Punda ni nani

Nilimpigia simu mzee mmoja niliyeunganishwa naye na rafiki, injinia wa meli mstaafu. Nikamweleza kwa tahadhari, nikiogopa kumwaibisha marehemu. Akaniuliza, "Wameandika hivyo mwaka gani?" Nikamwambia kuanzia 1969 hadi 1978. Akasema, "Basi, kijana wangu, mjomba wako alikuwa mtu mkubwa kule chini."

Enzi za meli za mvuke, chombo kikifunga gatini boila kubwa za kuendeshea meli zilizimwa. Lakini winchi za kushusha shehena zilitaka mvuke, pampu zilitaka mvuke, na joto la vyumbani nalo vilevile. Kwa hiyo kulikuwa na boila ndogo ya pembeni iliyofanya kazi zote za kubebeshwa, mchana na usiku, bila shukrani. Mabaharia wa Kiingereza wakaiita punda. Aliyeiangalia akaitwa kwa jina la mnyama wake. Dizeli ilipochukua nafasi ya mvuke, cheo kilibaki na kikakua: yule mtu akawa mkubwa wa wafanyakazi wote wa chumba cha mashine wasio maofisa. Sitahani kuna serangi, mashineni kuna mtu wa punda. Juu yake ni mainjinia, na injinia mwenye akili, mzee aliniambia, hamwamrishi huyo mtu bila kwanza kumuuliza.

Nilipokata simu niliitazama picha upya. Nilikuwa nimeiona ukutani tangu nikiwa mtoto, na sikuwahi kutazama mabega ya shati. Nahodha huvaa mistari minne. Shati la mjomba halina hata mmoja. Na kile kilicho nyuma yake nilichodhani ni dirisha la chumba cha usukani ni vifuniko vya vioo vya kupitisha hewa na mwanga kwenda chumba cha mashine. Amepanda juu, kapigwa upepo, kapigwa picha, karudi chini. Kofia, alisema mkaza mjomba, alipewa na ofisa aliyekuwa akistaafu.

Hata ile hoja ya saa kumi ikageuka. Kazi ya melini imegawanywa kwa zamu za saa nne, ukitoka unapumzika saa nane: saa sita hadi saa kumi, saa kumi hadi saa mbili, saa mbili hadi saa sita, kisha mzunguko unaanza tena. Mjomba alikuwa mtu wa saa kumi hadi saa mbili, alfajiri na jioni. Ndiyo maana pia saa kumi za jioni hakukalika, alizunguka nyumba akigusagusa vitu. Zamu hizo zipo usukanini na zipo mashineni, hivyo zenyewe hazithibitishi lolote. Ila nahodha wa meli kubwa mara nyingi hana zamu kabisa. Kwa kuamka kule, binamu alikuwa ameshikilia ushahidi unaompinga.

Bapa la mkono kwenye friji halikuhitaji tena maelezo. Mzee wa simu alisema wapaka mafuta walifundishwa kupima joto la beringi kwa mkono kabla ya kufundishwa kusoma kipimajoto.

Ziwa alilolisimulia

Kuna hadithi moja ya mjomba ambayo sote tunaijua kwa moyo: ziwa la chumvi jangwani ambamo meli zilikwama miaka minane mpaka mchanga ukazigeuza rangi ya manjano. Alisema walicheza mpira juu ya sitaha ya meli iitwayo Port Invercargill kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nafasi, walikwenda kutazama sinema kwenye meli ya Wabulgaria, na 1968 walifanya Olimpiki yao wenyewe, mashua za uokozi zikishindana.

Kisa hicho ni cha kweli. Vita vya Israeli na majirani zake Waarabu vilipoanza tarehe 5 Juni 1967, Mfereji wa Suez ulifungwa na meli 15 zikanaswa ndani, 14 kati yake katika Ziwa Kuu Chungu na moja katika Ziwa Timsah. Mfereji ulifunguliwa tarehe 5 Juni 1975, miaka minane kamili. Mabaharia wa mataifa mbalimbali walionaswa humo waliunda chama chao, wakawa na mashindano yao na hata stempu zao za mkono. Mwaka huo wa Olimpiki ya ziwani Wapolandi waliongoza. Meli mbili za Kijerumani, Münsterland na Nordwind, ziliondoka kwa nguvu za injini zao zenyewe hadi Hamburg. Mjomba hakukosea hata kitu kimoja, na usahihi huo ndio ulionifanya nisimtilie shaka.

Nikakutanisha hadithi na kitabu. Kuanzia Machi hadi Oktoba 1967 mjomba yuko kwenye meli ambayo haimo kati ya zile 15. Meli nne za Kiingereza zilizonaswa zilikuwa Melampus, Agapenor, Port Invercargill na Scottish Star. Mabaharia wao walibadilishwa kwa zamu, hivyo nilitafuta hata mistari ya 1968, 1969 na 1970, labda alipelekwa baadaye. Hakuna. Mjomba hakuwahi kufika ziwani.

Ilibaki ile bahasha. Ina stempu iliyochorwa na kuchapwa kwa mkono, ya ziwani, na imeandikiwa mjomba, kwa anwani ya ofisi ya kampuni ya meli. Barua yenyewe haimo. Kumbe yule wa mpira, sinema na mashua ni rafiki yake, na mjomba aliipokea hadithi yote kwa posta.

Binamu alisema basi mzee alikuwa mwongo. Mimi siafiki. Mfereji ulipofungwa, meli zilizokuwa zikipita Suez zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kutoka Ghuba ya Uajemi hadi kaskazini-magharibi ya Ulaya ni nyongeza ya karibu maili 5,000 za baharini. Mjomba aliishi kufungwa kwa mfereji kwa namna hiyo: majuma ya ziada chini ya mstari wa maji, kwenye joto linalomfanya mtu akamue shati kama tambara la deki, akigusa beringi moja baada ya nyingine. Ukimsimulia mtoto hayo, atasinzia. Alichukua hadithi ya mwenzake kwa sababu ya kwake haikuwa na tukio, na messini, chumba cha kulia cha mabaharia, hadithi haina mwenyewe, anaivaa yeyote inayomkaa.

Kwa mtu anayemtafuta wa kwake aliyefanya kazi kwenye meli za Kiingereza, orodha za mabaharia zipo, ila zimetawanyika. Takriban asilimia 70 ya orodha za 1863 hadi 1938 na 1951 hadi 1976 zinatunzwa katika hifadhi ya historia ya bahari ya Chuo Kikuu cha Memorial, St. John's, Newfoundland, nchini Kanada. Zile za miaka inayoishia na 5, kwa sehemu kubwa, ziko kwenye jumba la makumbusho ya bahari, Greenwich. Ukiwa na namba rasmi ya meli, nusu ya kazi umeimaliza.

Theluji

Hadithi moja ilikuwa ya kwake kweli, maana ilitokea chini. Aliisimulia kwa kucheka. Mabomba ya mvuke yalikuwa yamevikwa matandiko meupe ya kuzuia joto. Yakichakaa yalibanduliwa kwa mikono, na mapya yalikandwa ndooni kwa maji kama unga, yakapakwa. Vijana wakichoka walifinyanga madonge ya vile vitu vyeupe wakapigana kama wazungu na theluji, vumbi likatanda mpaka taa hazionekani. Watoto walimtaka arudie. Mimi mwenyewe nimemwomba arudie.

Nilimtajia mzee wa simu hadithi hiyo kama kichekesho cha kumalizia mazungumzo. Hakucheka. Akauliza, "Mjomba wako alikufa na nini?"

Vitu vyeupe vile, kwenye meli za miaka ya 1960, vilikuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayozuia joto. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulikataza asbesto mpya melini, isipokuwa kwenye matumizi machache, kuanzia tarehe 1 Julai 2002, na ukaikataza kabisa kuanzia tarehe 1 Januari 2011. Nyuzi zake ni nyembamba mno, zikivutwa hubaki mapafuni, na madhara yake hujitokeza miaka 20, 30, hata 40 na zaidi baadaye, mtu ameshasahau kwamba aliwahi kucheza theluji.

Mjomba alihangaika na pumzi miaka miwili ya mwisho. Hatua kumi, anasimama. Siku ya kwanza kwa daktari nilikuwa mimi nimekaa kiti cha pembeni. Daktari aliuliza kama inavyotakiwa: "Mzee alikuwa akifanya kazi gani?" Aliuliza akiwa ameinamia faili, mjomba hakuona midomo, hakusikia. Akanitazama mimi. Nami nikajibu kwa niaba yake, kwa fahari: "Alikuwa kapteni wa meli." Daktari akatabasamu, akaandika nahodha. Mjomba aliona tunatabasamu, naye akatabasamu.

Nahodha yuko juu, kwenye hewa safi, na darubini yake. Hakuna wa kumuuliza habari ya vumbi. Majibu yalirudi yakisema makovu kwenye mapafu yote mawili, chanzo hakijulikani. Sigara aliwahi kuvuta, tukailaumu sigara.

Sisemi ilikuwa asbesto. Hakupimwa kwa jicho hilo, na sasa hawezi kupimwa. Nimesoma, nimeuliza, na nilichojifunza ni kwamba makovu ya asbesto na makovu yasiyo na chanzo hufanana sana, na moja ya mambo makubwa yanayomsaidia daktari kutofautisha ni historia ya kazi. Tiba ya kuyaondoa makovu haipo, hivyo huenda tungemzika mwezi ule ule. Lakini swali liliulizwa vizuri, kwa wakati wake, na jibu lisilo la kweli lilitoka kinywani mwangu. Kwa miezi kadhaa nilijaribu kumgawia binamu sehemu ya lawama hii. Haigawiki. Yeye aliandika Kapteni kwenye karatasi ya msiba, mimi nilimwandikisha Kapteni kwenye faili la hospitali.

Ovaroli

Siku niliyowaeleza nyumbani haya, binamu aliondoka mezani. Mkaza mjomba alibaki, anakunja ule mfuko wa plastiki na kuukunjua.

"Mimi nilijua hakuwa nahodha," akasema.

"Ulijuaje, mkaza mjomba? Alikwambia?"

"Nahodha ananuka mafuta, mwanangu?"

Akaeleza kwamba kila mjomba alipokuja likizo, sanduku lilikuwa na ovaroli mbili tatu. Yeye ndiye aliyezifua. Lakini kabla ya kuziloweka alizikung'uta kwanza nje, kwa nguvu, kwa sababu zilijaa vumbi jeupe lililofanya maji yawe tope. "Lilikuwa likiniwasha koo," alisema, huku anaonyesha kwa mikono miwili jinsi alivyoshika mabega ya ovaroli na kuipiga hewani. Pah. Pah. Aliifanya ishara ile mara mbili, usoni pake kabisa.

Nilikuwa tayari nimesoma mahali fulani jambo ambalo halikunigusa mpaka nilipoiona mikono yake. Mwaka 1965, Newhouse na Thompson walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa hospitali moja ya London waliopata mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au viungo vya tumboni. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kufanya kazi na asbesto hata siku moja. Waliishi nyumba moja na mtu aliyefanya kazi hiyo, na wengi wao walikuwa wanawake waliofua nguo zake. Mwaka huo wa 1965 mjomba ana mistari miwili kitabuni, na kati ya mstari wa kwanza na wa pili kuna wiki tano. Hizo wiki tano alikuwa nyumbani, na sanduku lake.

Mstari wa kazi tuliukubali siku hiyo hiyo, kwa ajili ya kitabu cha kumbukumbu cha familia na kwa jiwe: "Baharia, mkuu wa wafanyakazi wa chumba cha mashine, 1961–1978. Alijulikana kama Kapteni." Binamu alipigania sehemu ya mwisho, na nadhani alikuwa na haki. Watu walimwita hivyo miaka zaidi ya arobaini. Hilo nalo lilitokea.

Mkaza mjomba hakuwa na dalili yoyote, na hakutaka kwenda hospitali. Ilichukua majuma mawili kumshawishi. Nilikaa tena kiti cha pembeni, vitabu viwili vya buluu mapajani. Daktari hakuwa yule wa kwanza, alikuwa msichana mdogo, mwenye haraka ya foleni iliyoko nje. Akauliza umri, akauliza dawa anazotumia, akauliza kama amewahi kufanya kazi kiwandani. Akajibu hapana, yeye ni wa nyumbani tu.

"Na mume wako, mama, alikuwa akifanya kazi gani?"

Nilifungua mdomo. Mkaza mjomba akaniwekea mkono gotini.

"Alikuwa mtu wa punda," akasema. Daktari akainua macho kutoka kwenye faili. "Weka kalamu chini kwanza, mwanangu, nikueleze."